Kozi ya Kihispania ya jioni, Mji Mkongwe: salamu wanafundisha vizuri, mengine bado

Nimemaliza ngazi ya kwanza juzi juzi, na kwa kuwa watembeza watalii wenzangu wa mashamba ya viungo kila tukikutana wananiuliza kama inafaa kutoa pesa, bora niseme mara moja. Inafaa, kwa sababu ya mwalimu. Jina la kituo silitaji maana nina manung'uniko nacho. Ukiulizia pale Darajani utaonyeshwa.

Mwalimu ni Mzanzibari mwenzetu aliyesoma Kuba. Ngazi yote ya kwanza ni kusalimia na kujitambulisha, basi. Bei ya mdalasini na muda wa gari utavisubiri. Kuna vijana waliokasirika mwanzoni wakitaka maneno ya biashara, akawajibu kwamba mgeni asiyesalimiwa hanunui. Nadhani ni ya kweli, hata kwa wageni wasio Wahispania.

Matamshi ndipo nilipofurahi zaidi. Irabu zao ni tano, zilezile zetu. Aliandika ubaoni "encantada", yaani nimefurahi kukufahamu, akagonga chaki kwenye ile d ya mwisho: isome kama dh ya dhahabu, ila nyepesi. "Señor", yaani bwana, ina ny yetu. "Hola" haina h, ni "ola". José ni "Khosé", na sisi tuliopita madrasa kh tunayo tangu utotoni. Ile c ya "gracias", yaani asante, ukisalimiana na mtu wa Madrid utasikia th ya thelathini. Wa Meksiko au Kolombia anasema s. Shida ilikuwa "encantado" na "encantada". Mwanamume husema ya o, mwanamke ya a, kufuata jinsia ya anayesema. Wanaume wa darasani, kwa kuwa mimi ndiye niliyekaa mbele na kujibu kwanza, walinifuata wote wakajitambulisha "encantada". Mwalimu akawaacha wamalize safu nzima ndipo akacheka.

Kuhusu heshima, kanuni yake ni moja: anza na "usted", wewe ya heshima, "¿cómo está usted?" (hujambo?), mpaka mgeni mwenyewe akufungulie mlango wa "tú", wewe ya kirafiki. Hispania siku hizi hawachelewi kuambiana "tú", hata na muuza duka. Bogotá utakuta watu wanaitana "usted" hata nyumbani, na Ajentina wana "vos" yao badala ya "tú". Mtu mzima muite "don" au "doña" pamoja na jina lake la kwanza, kama sisi tunavyosema Bi Zuhura. Na angalia orodha ya wageni: wana majina mawili ya ukoo, la baba kwa kawaida hutangulia. Aliyeandikwa López Ruiz ni "señor López". Ukimwita Ruiz umemwita kwa ukoo wa mama yake.

Saa nazo zina mambo. "Buenos días", salamu ya asubuhi, Mhispania anaisema mpaka ale chakula cha mchana, na kwao chakula hicho ni saa 8, pengine saa 9. "Buenas noches" si ya kulala tu. Mgeni akishuka uwanja wa ndege usiku ndiyo ya kumpokelea.

Kwa wanawake wenzangu, somo la mabusu peke yake linarudisha ada. Hispania mwanamke akitambulishwa kwa mtu, mabusu mawili mashavuni. Ajentina moja, na hata wanaume kwa wanaume. Mimi navaa baibui, sitaki, na wala sitaki mgeni aone nimemchukia. Mwalimu alitufanyisha zoezi mpaka tukachoka: mkono kifuani kabla hajasogea, tabasamu, "mucho gusto, me llamo" (nimefurahi, naitwa) na jina lako, sauti ya juu kidogo. Anayesogea anasimama mwenyewe, naye anaweka mkono kifuani. Nimeitumia kazini na hakuna aliyenuna.

Sasa manung'uniko. Makaratasi ni fotokopi ya fotokopi, alama ya swali ile ya kupinduliwa mwanzoni mwa sentensi huioni. Yametolewa kwenye kitabu cha Hispania, yamejaa "vosotros", ninyi ya Hispania, na mwalimu mdomoni anasema "ustedes" kama walivyo Wakuba. Anayeanza anababaika. Isitoshe lafudhi tunayoisikia ni yake tu, na Wakuba wanameza s: "buenos días" inatoka "bueno día". Nilipompata Muajentina akaitamka "me llamo" kuwa "me shamo", nikabaki kumtazama. Rekodi chache za watu wa nchi mbalimbali zingemaliza tatizo. Simu kila mtu anayo.

Ada ni shilingi 90,000 kwa mwezi, mkononi, kabla ya kukaa kitini. Ukikosa kipindi kwa kazi, imekula kwako. Na wameiweka ngazi ya kwanza Julai na Agosti, miezi ambayo Wahispania wenyewe wako likizo na sisi tuko mashambani nao mpaka jioni! Ingeanza masika, mvua ikinyesha na kazi hakuna, darasa lingejaa. Feni moja, pikipiki dirishani, lakini tunatoka kabla ya Isha, hilo nawashukuru.

Ngazi ya pili ni bei na safari. Nimejiandikisha, ila nimemwambia karani safari hii risiti iandikwe kwanza, pesa baadaye.