Uzoefu wangu: mlo wa hadithi Marangu, kuanzia mtori hadi mbege

Kwa wanaouliza kama mlo wa hadithi kule Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ambapo mnapika na kula na wenyeji huku wakisimulia habari za kila chakula, unastahili shilingi 40,000 kwa mtu mmoja: unastahili, hasa siku ambayo mwenye jiko mwenyewe ndiye anayesimulia. Jambo hilo nitalirudia, maana ndilo linaloamua kama utaondoka umejifunza au umeshiba tu.

Unapanda gari Moshi mjini hadi Marangu Mtoni, unapokelewa, unatembezwa kihambani, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, kisha moja kwa moja jikoni. Hakuna kukaa mezani kungoja sahani. Mnamenya ndizi, mnachochea kuni, na kila chakula kinaelezwa kikiwa bado motoni. Tulikuwa mchanganyiko: familia ya Dar es Salaam waliokuja kumsalimia shangazi yao, wanachuo kutoka Arusha, na mimi.

Mtori ulitangulia, na Bibi mwenye nyumba ndiye aliyeusimamia. Alitupaka mafuta mikononi ili utomvu usitugande, akatugawia ndizi mshare mbichi kabisa, akakataa mbili tatu zilizoanza kulainika kwa sababu, alisema, zingeutia mtori utamu usio wake. Nyama ya mfupa ilikuwa ikichemka tangu asubuhi. Alipokuwa anaziponda ndizi ndani ya supu alimgeukia dada mmoja wa ile familia aliyekuja na mtoto mchanga. "Wewe mwanangu ndiye mwenye chakula hiki. Sisi wengine tunadoea." Akaeleza jinsi mzazi wa Kichagga alivyokaa ndani miezi mitatu, hashiki jembe, analishwa mtori apate nguvu na maziwa. "Na wewe Bibi, nani alikupikia?" dada akauliza. "Mama mkwe wangu. Kila asubuhi kabla hajaenda kukata majani ya ng'ombe." Mtori nimeunywa hotelini Moshi miaka yote, na hakuna aliyewahi kunieleza kwamba ule ni matunzo ya mama aliyejifungua. Bakuli lile nililila taratibu.

Kiburu ndicho kilichonipa cha kufikiri zaidi. Ndizi, maharage na magadi, basi. Mwanachuo mmoja akasema hiki sasa ndicho cha kwetu hasa, hakuna kilichotoka nje. Bibi akamwambia, "Haya mjukuu wangu, tuhesabu." Asili ya ndizi ni Asia ya kusini-mashariki, zilivuka bahari zamani sana kabla ya kupanda mlima huu. Maharage asili yake ni bara la Amerika, yalifika pwani yetu baada ya Wareno kuanza safari zao. Kabla ya hapo Mwafrika alikuwa na kunde. Magadi hayapatikani kihambani, yanatoka tambarare huko Ziwa Natron. Kumbe kilicho cha mlimani ni mkono: kuchagua ndizi ipi, kuzikuza kwa samadi na maji ya mfongo, ule mfereji wa kumwagilia, kwenye kipande kidogo cha ardhi, na kujua magadi kiasi gani yanalainisha maharage bila kuyaharibu. Napenda sana kwamba hakuogopa kusema hivyo mbele ya wageni. Wengi wanaouza chakula cha asili wanataka uamini kila kitu kiliota hapo hapo tangu dunia iumbwe.

Kwenye kahawa ndipo mambo yalipolegea. Bibi alikwenda kupumzika, kijana mwongozaji akachukua nafasi. Ni mchangamfu, anajua kuimbisha watu wakati wa kutwanga, lakini alituambia Wachagga wamekunywa kahawa tangu enzi za mababu. Sivyo. Kahawa ililetwa na mapadri wa Kikatoliki, wakaipanda misheni ya Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Wenyeji waliikumbatia kama zao la fedha, wakaunda chama cha wakulima mwaka 1925, na KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, ikafuata mwaka 1933. Hadithi ya kweli ni tamu kuliko ile aliyotunga: kahawa ndiyo iliyolipa ada za shule na kuezeka mabati nyumba nyingi za mlimani, huku wenyewe wakiendelea na mbege yao, pombe ya ndizi. Isitoshe aliongea mpaka machalari, zile ndizi zilizopikwa na nyama, yakapoa kando yake. Nilimweleza pembeni, akanisikiliza vizuri, akasema atamuuliza Bibi.

Mbege ilifunga. Walitueleza kwa kifupi: ndizi mbivu zinachemshwa na kuachwa zichachuke, uji wa ulezi uliooteshwa unaongezwa, na magome ya mti wa msesewe yanatia uchungu. Wasiokunywa pombe wanapewa maziwa mgando.

Mambo ya kujua kabla ya kwenda. Jioni kuna baridi, beba sweta. Kati ya Machi na Mei njia ya kihambani inateleza, vaa viatu vya kushika. Asiyekula nyama aseme mapema, kwa sababu kiburu anaweza kukila lakini mtori unapikwa na nyama tangu mwanzo. Watoto wanafaa kabisa. Wale wa Dar walikataa kutoka jikoni. Vyoo ni visafi. Malipo ni taslimu au kwa simu.

Unapopiga kupanga siku, uliza swali moja tu: Bibi atakuwepo mwanzo hadi mwisho? Wakisema hayupo, omba siku nyingine. Mimi nimeshaomba nafasi ya Desemba watu watakapokuwa wamerudi nyumbani, maana Bibi ameahidi kupika kisusio, supu ya nyama na damu ya mbuzi, na kueleza ukoo unampa nani sehemu ipi ya mbuzi.