Kutu Chini ya Gari la Zamani: Nta Kwanza, Lami Iache Dukani

Masika yako mlangoni, na wenye Land Rover za zamani na Peugeot 504 wameanza kuulizana wapake nini chini. Nitasema mapema ninachokiamini. Kwa gari la zamani linaloishi Arusha au Moshi, hela ya kwanza iende kwenye nta inayobaki laini, pamoja na mpira mwembamba wa kuipulizia ndani ya chesisi. Mengine yanafuata, na matatu kati yake nisingeyachukua hata kwa zawadi.

Sisi si watu wa Tanga au Dar es Salaam, hatuna upepo wa chumvi. Kinachotumaliza ni tope. Udongo wetu wa volkano ukishajishindilia juu ya chesisi na ndani ya matao ya matairi, barabara inakauka na jua linawaka, lakini humo ndani bado kuna maji siku kadhaa. Na ukitoka Ziwa Natron, tope hilo limekuja na magadi yake, yenye chumvi ndani yake.

Kabla ya kwenda dukani, lala chini ya gari na bisibisi. Wenye Land Rover hujidanganya kwamba bodi ni alumini, basi kutu haiwahusu. Chesisi ni chuma, imechomelewa kama sanduku refu, na inaozea ndani; nje inang'aa, ndani kuna unga wa kahawia. Ukikuta unga mweupe pale alumini inapogusana na chuma, hapo alumini ndiyo inayoliwa. Mwenye Volkswagen Beetle ainue kiti cha nyuma atazame chini ya betri, maana tindikali ikimwagika hapo hula sakafu. 504 ya saluni haina chesisi ya kujitegemea, kwa hiyo vizingiti vya milango vikioza ni mgongo wa gari unaooza. Bisibisi ikizama, acha kusoma huu mwongozo na umtafute fundi wa kuchomelea. Achomelee kabla hujapaka chochote, kwa sababu nta inashika moto.

Nafasi ya kwanza, basi, ni nta: Dinitrol, Waxoyl na jamii yake. Zipo za aina mbili, na wauzaji wengi hawatakuambia. Moja ni nyepesi, inapenya kwenye mikunjo na kwenye viungio. Hiyo ni ya ndani ya chesisi, vizingiti na milango. Nyingine ni nzito, ya kupaka nje kwa chini inakopigwa na mawe. Ukiwa na hela ya moja tu, chukua ile nyepesi. Nje utaona kutu ikianza na utaishughulikia. Ndani hutaiona mpaka siku jeki inapopenya. Lita tano kwa kawaida zinatosha gari moja, ndani na nje. Moshi kuna joto, nta inatiririka yenyewe. Arusha asubuhi ya Julai utalazimika kuliweka kopo kwenye ndoo ya maji ya moto kwanza.

Ya pili ni mafuta ya sufu ya kondoo, lanolini, kama Fluid Film. (Kondoo wetu wa Kimasai wana manyoya tu, sufu hawana, kwa hiyo msitarajie ya kienyeji.) Yanapenya vizuri na yanapakwa hata juu ya kutu nyepesi bila maandalizi makubwa. Ubaya ni kwamba maji ya presha na tope huyaondoa taratibu, ukapaka tena kila mwaka, na baadhi ya mipira ya bushi huvimba ikilowana nayo. Kwa mtu anayejipakia mwenyewe nyumbani, bado ningeyapendelea kuliko vyote vilivyo hapa chini.

Ya tatu ni kwa anayelifungua gari lote: rangi ya epoksi au ya zinki juu ya chuma kilichosuguliwa mpaka kikawa cheupe. Hapo inashika kweli. Ukiipaka juu ya kutu, umenunua urembo. Kubwa kuliko yote ni kuizamisha chesisi yenyewe kwenye zinki iliyoyeyushwa, kwenye joto la nyuzi 450 hivi, jinsi bati la paa linavyopata ngozi yake. Kwa Land Rover inayojengwa upya hakuna kinachoishinda. Ila gari lazima livuliwe lote, na chesisi itobolewe matundu ya kupitisha zinki na hewa. Wachache tutafika huko.

Sasa lami. Ile nyeusi nzito ndiyo inayosukumwa kila gereji kwa sababu inaficha haraka na inapendeza siku ya kulipa. Mimi ilinipata. 504 yangu ilipakwa ikiwa na unyevu, baada ya kuoshwa asubuhi ileile. Misimu miwili baadaye nikagusa kizingiti kwa bisibisi, lami ikabanduka kipande kizima kama ganda la ndizi, na nyuma yake kutu ilikuwa imejipangia chumba. Lami ikikauka hupasuka, maji yanaingia kwenye ufa, na hayana pa kutokea. Mpya juu ya chuma safi, sawa. Juu ya gari la mwaka 1975, hapana.

Oili chafu nayo ina mashabiki. "Mzee, piga oili chafu, bure kabisa," fundi atakuambia, na kweli inazuia maji kwa muda. Lakini imebeba tindikali na uchafu wa injini, inalainisha bushi, na mvua ya kwanza inaitelemsha kwenye mfereji unaoelekea shambani kwa mtu.

Vile visanduku vya umeme vinavyofungwa kwenye betri eti vizuie kutu, pita navyo mbali. Ujanja huo unafanya kazi kwenye meli na mabomba kwa sababu chuma chake kimezama majini au ardhini muda wote; gari lako liko hewani.

Chochote utakachonunua, kifanye Februari. Osha chini kwa presha, toa tope mpaka maji yatoke meupe, kisha gari likae juani siku mbili. Funika diski za breki na ekzosi. Ukimaliza, pitisha waya kwenye kila tundu la kutolea maji chini ya milango na vizingiti, kwa sababu nta ikiyaziba umetengeneza ndoo. Harufu ya nta iliyodondokea ekzosi itakusumbua wiki nzima, na abiria watauliza nini kinaungua.