Organic Maps au OsmAnd?

Zote ni programu huria, zote hutumia ramani za OpenStreetMap (ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea) na kukuongoza njia hata bando likiisha. Tofauti unaiona ukizifungua. Organic Maps, iliyotoka 2021, ni nyepesi: pakua ramani ya eneo, gusa unakokwenda, basi. Haina matangazo wala haikufuatilii. OsmAnd imesheheni: mistari ya mwinuko, kurekodi safari, vitufe unavyojipangia mwenyewe. Ila menyu zake, mh! Menyu ndani ya menyu, na simu yenye RAM ndogo hukwamakwama. Halafu toleo lake la bure la Play Store lina kikomo cha kupakua ramani. La F-Droid, duka la programu huria, halina. Mpanda milima achukue OsmAnd. Wengine, Organic Maps inatosha kabisa.