Kituo cha kutwa cha wazee hapa Tabora: huduma nzuri sana, ila anayeibeba kaandikwa mhudumu wa usafi

Kwa wanaouliza kama wampeleke mzazi kwenye kituo cha kutwa cha wazee, hiki ambacho mimi nampeleka baba hapa Tabora mjini, jibu langu ni ndiyo, mpelekeni, ila kuna jambo moja nataka mlijue kabla hamjalipa. Jina la kituo silitaji hapa kwa sababu kuna dada anafanya kazi pale na sitaki kibarua chake kiingie matatani kwa ajili ya maneno yangu. Mwenye shida kweli anitafute pembeni nitamuelekeza.

Mambo ya kawaida nayapitia haraka. Ada ni elfu saba kwa siku, ndani yake kuna uji wa asubuhi, chakula cha mchana na chai ya saa kumi. Vyoo visafi na vina vyuma vya kushikilia ukutani. Chakula kizuri, wenye presha wanapunguziwa chumvi, nesi yupo anapima presha na sukari. Usafiri hawana, bajaji ni juu yako, na mvua ikinyesha njia ya kuingilia inakuwa tope tupu, mzee mwenye mkongojo anapata tabu sana pale, wangemwaga hata moramu.

Sasa kilichonifanya niandike ni shughuli. Baba yangu ni mstaafu wa reli, kafanya kazi reli ya kati miaka na miaka, sasa kumbukumbu inampungua, nyumbani alikuwa anakaa tu kwenye kiti anaangalia geti kuanzia asubuhi, ukimuongelesha anakujibu neno moja basi. Pale kituoni kuna dada mmoja, wazee wanamuita dada wa michezo, huyo ndo anaendesha kila kitu kuanzia saa tatu mpaka chakula cha mchana na tena baada ya wazee kupumzika. Kuna siku nilibaki pale nimuangalie anavyofanya kazi. Anapita kwa mzee mmoja mmoja, anachuchumaa mbele yake ili mzee asihangaike kuinua shingo, shikamoo babu, shikamoo bibi, wale wanaopenda Kinyamwezi anawapa mwangaluka yao, alafu anamuuliza kila mmoja kitu kimoja cha jana yake. Akifika kwa baba anamwambia, "Babu, leo nisafirishe mpaka Kigoma." Baba anaanza, Tabora, Usoke, Urambo, na yule dada kwa makusudi kabisa anadakia, "Nguruka!" Weee, baba anamkatisha kwa sauti, "Kaliua umeiacha wapi wewe mjukuu wangu, hao abiria wa Mpanda watashukia wapi?" Wenzake wanacheka na yeye anaendelea mwenyewe, Kaliua, Nguruka, Uvinza, mpaka Kigoma. Nilikuwa sijamsikia baba anaongea sentensi ndefu kiasi hicho muda mrefu sana jamani, nilitoka nje kidogo nikajifuta machozi.

Na wala habahatishi. Ana kaunta buku lake, kila mzee ana ukurasa, alinionyesha ule wa baba na nikaona na mingine. Bibi huyu sikio la kushoto halisikii, nikae upande wake wa kulia. Babu huyu kama hakulala vizuri asipewe bao, anagombana. Huyu alikuwa fundi cherehani, apewe vitambaa akunje. Kuna bibi mikono inamtetemeka, anapewa karanga amenye, jikoni wala hawazisubirii, ila vidole vinafanya mazoezi na yeye mwenyewe anajiona bado ana kazi ya kufanya. Kuna siku ya ngoma na nyimbo za zamani, kuna siku analeta michembe na matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha, wanaonja wanabishana kwao walikuwa wanakaushaje, na siku hiyo hata wale wasioongea wanaongea. Karatasi za manila, kalamu za rangi, kete za bao zikipotea, ananunua kwa hela yake.

Watu wanadhani hii ni kucheza. Kule Hai, Kilimanjaro, watafiti walijaribu vikundi vya kuchangamsha akili kwa wazee wenye ugonjwa wa kusahau, vikao 14, wanaongea mambo ya zamani, wanaimba, wanataja vitu, na matokeo yaliyochapishwa 2017 yalionyesha uwezo wao wa kufikiri unapata nafuu. Marekani ndo kabisa, sheria yao ya 1987 ya kurekebisha nyumba za kulea wazee inasema lazima kuwe na programu ya shughuli inayoongozwa na mtu mwenye sifa, na wana chombo cha kuwapa cheti watu wa kazi hiyo, kuna msaidizi wa shughuli, kuna mkurugenzi wa shughuli, mtu anapanda ngazi. Kazi anayofanya huyu dada na kaunta buku lake ni hiyohiyo.

Sasa sikilizeni. Huyu dada alitaka kuomba nafasi ya kusoma kozi ya ustawi wa jamii, chuo kikamwambia alete barua ya mwajiri inayosema anafanya kazi gani na kwa muda gani. Akaja kuniomba nimsaidie kusoma barua aliyopewa kama imekaa sawa. Barua inasema ni MHUDUMU WA USAFI. Nikamuuliza kwani ndo ilivyo kwenye mkataba, akasema ndiyo, aliajiriwa kudeki na kufua mashuka, hayo ya wazee alianza mwenyewe alipoona wanasinzia tu, ofisi ikaona wateja wanaongezeka ikamwambia endelea, na kudeki hakujaondolewa. Anaingia saa kumi na mbili asubuhi anadeki, saa tatu anaanza na wazee, jioni wakiondoka anafua, anatoka kwenye saa kumi na mbili, Jumatatu mpaka Jumamosi. Mshahara wake ni siri yake, nachoweza kusema ni kwamba wa mwezi mzima haufikii ada ninayolipa mimi kwa mwezi kwa ajili ya baba peke yake, na ukumbi ule unajaa wazee.

Iliniuma kwa sababu mimi nalipa nikijua nalipia kile anachofanya yeye. Kipeperushi chao cha tangazo kimeandikwa shughuli za kuchangamsha wazee, na picha iliyopo pale ni ya huyuhuyu dada kashika ngoma. Yaani kwenye kuvuta wateja ni mtaalamu, kwenye kulipa ni mtu wa ndoo na fagio. Na mtu wa usafi naye anastahili heshima na mshahara wake kamili, tusije tukaelewana vibaya, hapa tatizo ni kazi za watu wawili kuwekwa kwenye mgongo mmoja kwa jina la kazi moja.

Nilienda ofisini kuongea na mama mwenye kituo, kwa adabu kabisa, na sikutaja habari ya barua. Nikamwambia mama, baba kabadilika sana, huyu dada wa shughuli mnamuangaliaje kimaslahi. Akanijibu kwamba yule ni kama dada wa nyumbani tu, na kukaa na wazee mtu yeyote anaweza. Hapo ndo sikubaliani naye kabisa. Kwanza kituo sio nyumba ya mtu. Amri ya kima cha chini cha mshahara inapanga kwa sekta, na kile kima cha mfanyakazi wa ndani, ambacho kwenye amri ya 2022 kilikuwa shilingi 60,000 kwa mwezi kwa anayelala kwa mwajiri, au 120,000 kwa asiyelala, kiliwekwa kwa kazi za majumbani, huwezi kukibeba ukakipeleka kwenye biashara inayotoza wazee ada kwa siku. Pili, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mfanyakazi apewe kwa maandishi maelezo ya kazi yake, na mambo yakibadilika mwajiri akae naye wayarekebishe. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, zinazozidi ni ovataimu, inalipwa mara moja na nusu. Pigeni wenyewe hesabu ya saa kumi na mbili mpaka saa kumi na mbili siku sita, hata ukitoa mapumziko.

Na hilo la mtu yeyote anaweza, lilijibiwa bila mimi kusema neno. Dada alifiwa akaenda msibani, wiki ile wakamuweka kijana mwingine, kijana mzuri tu mwenye heshima, ila hana kaunta buku hana mafunzo, akawasha tivii. Wazee wamekaa mstari mmoja wanaangalia tamthilia wasiyoielewa lugha yake, yule bibi wa karanga kalala, wawili wamegombana kwenye bao, na baba aliporudi nyumbani alienda moja kwa moja kwenye kiti chake akaangalia geti. Ada ililipwa ileile.

Kwa hiyo nikitoa nyota, shughuli natoa tano, chakula nne, nesi nne, njia ya kuingilia mbili, uongozi kwa jinsi unavyomtendea huyu dada natoa moja. Baba ataendelea kwenda maana simuondoi kwa mtu anayemfanya aongee. Ila tumeshaanza kuongea sisi watoto wa wazee wanaokwenda pale, tunataka tuandike barua moja tusaini wote, tuombe mambo matatu, cheo chake kiandikwe mratibu wa shughuli za wazee kwenye mkataba na kwenye barua ya chuo, kudeki na kufua apewe mtu mwingine mwenye mshahara wake, na huyu dada aongezwe mshahara na ovataimu ihesabiwe. Mimi binafsi nipo tayari ada ipande mpaka elfu nane kama hiyo elfu itaonekana kwenye mshahara wake. Ofisi ikikataa, afisa kazi yupo, na dada mwenyewe akiridhia tutamsindikiza.

Wenye wazazi kwenye vituo vya Kigoma, Mwanza, Dar, naombeni mseme, kwenu anayefanya hii kazi anaitwa nani kwenye mkataba, na kuna yeyote ambaye ofisi ilikubali kumbadilishia cheo na mshahara ukapanda? Mwenye mfano wa mkataba uliokaa vizuri anitumie, tunaandika barua wiki hii.