Gari lisilovuka daraja: baiskeli ya kukodi kando ya Ziwa Erne

Sikutaka kuanza na hasira, lakini hasira ndiyo iliyonikalisha chini niandike, kwa hiyo tuvumiliane.

Mkono wa pedeli ya kushoto ulichomoka nikiwa Pettigo. Sisemi ulilegea. Ulichomoka mzima, pedeli na yote, ukaanguka lamini na kulia kling, mguu wangu ukabaki unakanyaga hewa. Niliponea chupuchupu kwa kuegemea ukuta wa mtu. Mvua ilikuwa ya rasharasha, ile ya Ireland ambayo huioni ikinyesha lakini ukijigusa umelowa hadi soksi.

Njia ya baiskeli niliyokuwa naifuata inaitwa Kingfisher, yaani ndege mdiria, na vibao vyake vina picha ya huyo ndege. Ni kama kilomita 480 zilizochorwa mfano wa tarakimu nane, na inapita Fermanagh, Leitrim, Cavan, Donegal na Monaghan. Shikeni hilo: Fermanagh ni Ireland ya Kaskazini, ni Uingereza, hizo nyingine nne ni Jamhuri ya Ireland. Huwezi kuimaliza njia hii bila kuvuka mpaka, na si mara moja. Kampuni niliyokodi kwake inajua hivyo. Ramani walinipa wao, na njia wameipigia mstari wao wenyewe kwa kalamu nyekundu.

Tangu siku ya kwanza baiskeli ilikuwa inalia. Nikipanda mlima, kwi, kwi, kwi, upande wa kushoto. Kijana wa dukani aliniambia imetoka sevisi majuzi. Nilipofika Belcoo, pale kati ya maziwa mawili ya Macnean, kwi imekuwa kwa-kwa. Nikapiga simu, nikaambiwa ni mlio wa kawaida, endelea tu. Nikaendelea. Kosa langu? Labda. Lakini aliyekodisha ndiye fundi, mimi ni mteja.

Sasa turudi Pettigo, mvua na simu sikioni.

"Uko upande gani wa mto?" jamaa wa kampuni akauliza.

Nikadhani anatafuta namna ya kunifikia. Nikamweleza vizuri: niko upande wa Donegal, daraja naliona, hatua kama thelathini.

Kimya. Kisha: "Basi hatuwezi kuja. Bima ya gari letu inaishia mpakani."

Niliangalia huku na huku kuutafuta huo mpaka. Pettigo ni kijiji kimoja kilichokatwa na mto Termon. Ng'ambo ya daraja wanapaita Tullyhommon, nayo ni Fermanagh. Hakuna askari, hakuna kizuizi, hakuna wa kukuuliza kitambulisho. Utajua umevuka kwa sababu vibao vya mwendo vinahesabu maili badala ya kilomita, sanduku la posta ni jekundu badala ya kijani, na bei ya chai ni ya pauni badala ya yuro. Kuku anavuka. Mimi mwenyewe siku hiyo nilikuwa nimeshavuka kwenda na kurudi nikitafuta maji ya kunywa.

Nikamwambia, sawa, nasukuma baiskeli hadi ng'ambo, nipe dakika mbili.

"Haitasaidia. Kinachohesabiwa ni mahali ilipoharibikia."

Yaani pedeli ingesubiri hatua thelathini nyingine ndipo ichomoke, ningekuwa mteja halali. Nikacheka kwa uchungu. Hapo ndipo akaniuliza swali ambalo kila Mwafrika wa Ulaya analijua. "Kwani wewe unatoka wapi?" Dublin. "Hapana, unatoka wapi hasa?" Busia. "Sipajui. Soma mkataba wako, rafiki." Akakata. Hilo "rafiki" ndilo lililonichoma kuliko mvua.

Laiti angepajua Busia! Mimi nimezaliwa penye mpaka wa Kenya na Uganda, mahali ambapo baiskeli na mpaka ni kitu kimoja. Neno boda boda lilizaliwa huko kwetu kabla halijapanda pikipiki na kutembea Afrika Mashariki yote. Kati ya kituo cha forodha cha Kenya na cha Uganda kulikuwa na kipande kirefu cha kutembea, na vijana wenye baiskeli, miaka ya sitini huko, wakaanza kuwavusha watu wakiita "boda! boda!", yaani mpaka hadi mpaka. Baba yangu mdogo aliifanya kazi hiyo kwa blackmamba yenye mto wa sponji kwenye keria. Alivusha mama mjamzito, alivusha gunia la mahindi na jogoo juu yake. Hakuna siku alimwambia mtu nitakufikisha katikati, pale mstarini, halafu utajua mwenyewe.

Na ni yeye aliyeniokoa, kwa sababu ujanja nilioutumia nilimwona akiutumia nikiwa mtoto. Ukichungulia lile tundu la mraba la mkono wa pedeli, linalokaa kwenye ekseli, ukiona kingo zake zimelika zikawa mviringo, usihangaike kukaza bolti. Itashika dakika kumi, kisha itachomoka tena. Tafuta kopo la soda. Kata ukanda mwembamba kama upana wa kidole, uzungushe kwenye ncha ya ekseli mara moja tu. Ukizungusha mara mbili haiingii. Kisha pachika mkono wa pedeli juu yake, ugonge na kitu kizito chenye ubao kati ili usipasue chuma, halafu ndipo ukaze. Ile bati inajaza pengo. Bolti niliikuta imebiringika hadi kwenye nyasi za ukingoni. Kopo nililinunua, nikanywa soda yenyewe kwanza, maana hela ni hela.

Spana sikuwa nayo. Kwenye mfuko wa kampuni mlikuwa na viraka vya pancha basi. Mzee mmoja aliyekuwa akinitazama kutoka mlangoni pake akaingia ndani bila kusema neno, akatoka na boksi la spana za trekta na nyundo. Akashika baiskeli, mimi nikagonga. Tulipomaliza akaisukuma pedeli kwa mkono, ikazunguka kimya. Akauliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia mpakani. Akaangalia daraja lake, akatikisa kichwa, akasema enzi za machafuko ya Ireland ya Kaskazini barabara ndogo nyingi za pande hizi jeshi la Uingereza lilizilipua mashimo au likaziziba kwa zege, na kwenda kwa jirani wa hatua chache ulizunguka maili nyingi. "Sasa barabara zimefunguliwa, bima ndiyo imefungwa," akasema. Nilimpa mkono. Pesa alikataa.

Sasa niwe mkweli. Kuanzia hapo safari ilikuwa tamu hadi nikaona aibu ya kukasirika. Saa nne usiku jua ndiyo kwanza linazama, ziwa limegeuka rangi ya shaba, na barabara ni yako peke yako na ng'ombe. Vilima vya huko vidogo vidogo, vimepangana kama mayai ndani ya kikapu. Barafu ya kale ndiyo iliyoviacha hivyo. Havikuui, ila havikupi pumzi pia: ukishuka kimoja unapanda kingine. Niliiacha njia kidogo nikaingia kisiwa cha Boa, ambacho kimeungwa na nchi kavu kwa madaraja, na ndani ya makaburi ya Caldragh nikalikuta lile sanamu la jiwe lenye nyuso mbili, moja mbele moja nyuma. Utosini lina kishimo. Kilikuwa na maji ya mvua na sarafu. Niliangalia: kulikuwa na za pauni na za yuro, zimelala pamoja.

Kesho yake nikapita Castle Archdale, upande wa Fermanagh, na hasira ikarudi upya. Siku hizi watu wanaegesha nyumba za magurudumu na kukodi mitumbwi, lakini wakati wa vita vya pili vya dunia ilikuwa kambi ya ndege za kutua majini. Ndege aina ya Catalina iliyoiona manowari ya Kijerumani Bismarck tarehe 26 Mei 1941 iliruka kutoka Ziwa Erne. Sasa sikilizeni. Ireland haikuwa vitani, ilikuwa imejitangaza kutofungamana na upande wowote. Lakini kwa makubaliano ya siri iliziachia ndege hizo ukanda mwembamba wa anga, kutoka Belleek hadi Ballyshannon, zifike Atlantiki bila kuzunguka mbali. Ndege za vita, zenye mabomu, zilipata ruhusa ya kuvuka mpaka huu. Gari dogo lenye baiskeli ya akiba halipati!

(Wale wa kwetu mlioko Ireland kwa kadi ya ukaazi tu, na pasipoti ni ya Kenya au Tanzania: kutokuwepo kwa askari darajani kusiwadanganye. Kisheria mnahitaji viza ya Uingereza kuingia Fermanagh, na wa Fermanagh naye hivyo hivyo kuja huku. Rafiki yangu wa Kisumu alibaki nyumbani kwa sababu hiyo. Mimi nina pasipoti ya Ireland, ndiyo maana navuka nikipiga mluzi.)

Kitanzi cha kusini nilikiendesha baadaye kwa baiskeli yangu ya mtumba, na sina la kulalamika. Ballinamore, kando ya ule mfereji unaounganisha mto Shannon na Erne, wenye malango 16 ya kupandishia mashua na uliofunguliwa tena mwaka 1994, nilikaa saa nzima nikitazama mashua ikiinuliwa kama ndoo kisimani. Leitrim wana utani kwamba shamba kwao huuzwa kwa galoni, si kwa ekari. Ukipita baada ya mvua utaelewa.

Basi nikairudisha baiskeli. Nilikuwa nimeshapoa, nakuapia. Kichwani nilikuwa nimewapa nyota tatu: baiskeli nyepesi, breki nzuri, jamaa wa simu labda alikuwa na siku mbaya. Yule yule kijana akaipindua, akachungulia, akauona ukanda wa kopo ukichomoza kidogo, mwekundu. Akauchomoa kwa koleo na kuuinua kwa vidole viwili kama aliyeshika mkia wa panya.

"Umefanyia ukarabati usioruhusiwa."

Wakanikata pauni 40 kwenye amana. Arobaini! Nikamuuliza, na hizo kilomita zaidi ya hamsini kutoka Pettigo, ningebebwa na nini? Akasema hilo ni suala la mkataba. Nikamwomba walau anirudishie kile kipande cha bati, ni changu, soda nilinunua mimi. Akakitia kwenye bahasha na kuandika tarehe juu yake. Ni ushahidi, akasema.

Nimeandika barua pepe mara tatu. Ya pili ilijibiwa na mashine. Njia ni nyota tano, hata sita kama zingekuwepo. Kampuni nilikuwa nimeandika mbili, nimefuta, nimeweka moja. Ukienda, beba baiskeli yako, spana yako, na kopo moja la soda usilolinywa.