Pua Iliyotoka Kwenye Paji: Tathmini ya Huduma Niliyopewa

Nilipofikishwa hospitalini, mbwa alikuwa ameshaninyofoa ncha ya pua na ukingo wa tundu la kushoto na kunichana mdomo wa juu. Leo, baada ya kupasuliwa mara tatu, nina pua ambayo wageni huitazama mara moja tu, wala hawarudii.

Wahudumu wa dharura hawakuwa na papara. Waliosha majeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15 nzima, wakanidunga kingamwili za kichaa cha mbwa kuzunguka kidonda, jambo lililoniuma kuliko mbwa mwenyewe, kisha wakanianzishia chanjo na antibiotiki. Nilishangaa mdomo uliposhonwa siku ileile, kwani nilizoea kusikia kwamba jeraha la kuumwa huachwa wazi. Daktari bingwa akanieleza kuwa uso hupata damu nyingi, hivyo jeraha lake likisafishwa vizuri laweza kushonwa mapema. Kabla ya kunichoma ganzi, ambayo huvimbisha nyama, alitia nukta za wino pale mdomo unapokutana na ngozi, kwa sababu mpaka huo ukipishana hata kwa milimita moja, kasoro huonekana.

Pua ilijengwa baadaye, kwa njia ya kale iliyotoka India: ngozi ya paji hukatwa, hugeuzwa kuelekea chini na kushonwa puani ikiwa bado imeshikamana na mshipa wake wa damu karibu na nyusi, huku gegedu la sikio likiwa kiunzi chake.

Hapo ndipo penye lalamiko langu. Hakuna aliyenitahadharisha kwamba kwa wiki tatu, hadi shina lile la ngozi lililounganisha pua na paji likatwe, ningekaa na kitu kama mkonga katikati ya macho, kwamba miwani isingekalika, wala kwamba ningejigusa ncha ya pua nikahisi nimeguswa paji. Nilipopewa kioo mara ya kwanza niliamini kwamba upasuaji umeharibika, nikakesha nikilia, ilhali picha moja ya mgonjwa aliyepitia hatua hiyo ingalitosha kunituliza.

Kwa ufundi, ninampa daktari alama zote. Kwa maelezo, sizidishi nusu. Hata vinyweleo vinavyoota kwenye ncha ya pua yangu, kwa kuwa ngozi ilichukuliwa hadi penye nywele, nilivigundua mwenyewe nikinawa uso.