Adeniamu ipi ununue kama unataka kupeleka ua sho, nimezipanga kuanzia ya kwanza

Kila mwaka sho ya kilimo ya Mkomani, hapa Mombasa, ikikaribia naulizwa maswali yale yale, na la kwanza huwa ni la dahlia. Mtu ameenda kwa jamaa zake Limuru, kaona dahlia kubwa kama sahani, karudi na viazi vyake vitatu kwenye mfuko kavipanda Kisauni. Sasa dahlia asili yake ni milima ya Mexico, inataka usiku wa baridi, na hapa kwetu hata mwezi wa saba kusi ikivuma bado usiku ni nyuzi 20 na kitu. Utapata majani, utapata ua dogo limepauka, halafu mvua ikikaza viazi vinaoza ardhini. Nimejaribu misimu miwili nikaacha. Kama uko pwani na unataka mmea ukiuweka mezani watu wasimame, nunua adeniamu, ile wengine waiita waridi la jangwani, wengine dezati rozi. Hii ni ya kwetu, ukipanda gari kuelekea Voi kiangazi utaiona huko nyikani imesimama haina jani hata moja na maua ya pinki yamejaa juu. Joto la kaskazi ndio raha yake.

Tatizo ni kwamba siku hizi zinauzwa aina nyingi na karibu zote zinauzwa kwa picha ya ua, na hapo ndipo pesa za watu zinapotelea. Ua litaanguka na jengine litakuja. Lakini tumbo, ile sehemu ya chini iliyovimba, ikiwa mbaya ni mbaya, kuirekebisha ni miaka. Kwa hiyo mie nanunua tumbo kwanza, ua baadae, na nimezipanga hivyo.

Ya kwanza kabisa ni adeniamu aina ya obesum, ya kawaida, iliyooteshwa kwa mbegu, ua la tabaka moja, umri miaka mitatu minne hivi. Najua wengi mtashangaa manake hii ndio rahisi kuliko zote na iko kila kitalu cha kando ya barabara, Nyali, Bamburi, mpaka Mtwapa, lakini nisikilizeni. Ya mbegu inajenga tumbo lake yenyewe, mviringo, na mizizi inatoka pande zote kama vidole vya mkono uliotandazwa. Ya kukata tawi ukachomeka inaishi, inatoa maua mengi tu, lakini mara nyingi inabaki fimbo, na fimbo haiendi sho. Tena obesum inatoa maua karibu mwaka mzima ikipata jua la kutosha, hivyo siku ikifika huna wasiwasi kama itachanua. Nami hapa nyumbani ninayo moja nilinunua kwa sh 700, ilikuwa na matawi mawili tu yamepinda, kila mtu kaipita pale kitaluni, nikaikata juu, ikatoa matawi saba, na sasa hivi hakuna mgeni anayeingia uani asiiulizie.

Ukiwa kitaluni usione haya, fanya hivi. Shika tumbo kwa kidole gumba ubonyeze taratibu, pande zote, hasa kule chini linapoingia kwenye udongo. Likiwa gumu kama kiazi kibichi hiyo ni nzima. Likibonyea kidogo sehemu zote, inawezekana ni kiu tu, ukiinywesha itarudi. Lakini ukipata mahali pamoja palipolegea, pana rangi ya kahawia na panatoa maji, iache hapo hapo hata uambiwe nusu bei, hiyo imeoza ndani. Halafu muombe muuzaji aivute kidogo kutoka kwenye poti uone mizizi. Muuzaji anayejua kazi yake hatakataa. Na angalia kovu pembeni, kama mzizi wa chini umekatwa bapa na mmea unatikisika, huenda umechimbwa porini juzi juzi. Usinunue za porini, nyingi zinakufa kabla ya mwaka na kule nyikani zinazidi kupungua.

Ya pili ni za kuunganishwa, yaani shina la obesum limeunganishwa na tawi la aina yenye maua ya tabaka mbili au tatu, zile zilizozalishwa Thailand na Taiwan. Hizi ua lake ni kama waridi kweli, ziko nyekundu iliyokolea karibu na nyeusi, ziko njano, ziko nyeupe zenye mshipi wa pinki, na ua la tabaka linakaa siku nyingi zaidi juu ya mti kuliko lile la kawaida. Nimeziweka ya pili na si ya kwanza kwa sababu mbili. Moja, ua ni zito, tawi changa linainama lote na mvua ikiingia katikati ya petali haitoki, ua linaoza kabla halijafunguka, na nyinyi mnajua manyunyu ya kusi mwezi wa nane yalivyo. Pili ni udanganyifu. Kuna mwaka nilinunua kwa mtu wa onlaini mche wa "ua jeusi" sh 2,500, nimeulea miezi minane, ukachanua pinki ya kawaida kabisa, kuja kutazama lile tawi lililounganishwa lilishakufa zamani na kilichokuwa kinakua ni chipukizi la chini. Niliumia sana. Kwa hiyo ukinunua ya kuunganishwa tafuta ile alama ya kiungo, mara nyingi ni kama herufi V kwenye shina, hakikisha majani unayoyaona yanatoka JUU ya alama, na ukifika nyumbani chipukizi lolote likitoka chini yake ling'oe siku hiyo hiyo. Ikiwezekana nunua ikiwa na ua tayari. Na usikubali ile iliyounganishwa juu ya shina jembamba kama penseli, dai iliyounganishwa juu ya tumbo nene, utalipa zaidi lakini hiyo ndio inakupa mwili na ua pamoja, na nikiri ukiipata nzuri ya namna hii inaweza kuipita hata ile niliyoiweka ya kwanza.

Ya tatu, arabicum. Hii ni ya upande wa Yemen na Saudia, kule ambako wengi wetu hapa Mombasa tuna mababu, na hata jina adeniamu lenyewe latokana na Aden. Tumbo lake ni pana, fupi, limekaa chini kama chungu kilichopinduliwa, na matawi yanatoka mengi bila kukatwa. Kwa umbo tu hakuna inayoishinda. Ila maua yake ni madogo kidogo na yanakuja kwa msimu, unaweza kufika sho na mti mzuri usio na ua hata moja, na mpita njia hatasimama kutazama tumbo tupu. Ukiwa unapeleka miti kadhaa basi ongeza arabicum moja pembeni, inaipa meza uzito. Ukiwa na pesa ya mti mmoja tu, isiwe hii.

Zilizobaki nitapita haraka. Swazicum na machotara yake yana maua ya zambarau mazuri na yanachanua bila kuchoka, lakini tumbo si la kusifiwa, ni ya bustanini zaidi. Multiflorum, ile ya kule Afrika Kusini na Msumbiji yenye ua jeupe lililopigwa ukingo mwekundu, inapukutisha majani na kuchanua majira yao ya baridi, ni mara moja tu kwa mwaka. Socotranum ya kisiwa cha Socotra inakua polepole mno, hiyo nunua kama unamuachia mjukuu. Na ukiona pakiti ya mbegu imeandikwa rangi kumi na picha kumi, jua kwamba mbegu haifuati mama yake, mbegu ya ua jekundu yaweza kukutolea pinki, kwa hiyo mbegu nunua kwa ajili ya tumbo tu.

Wakati wa kununua ni kiangazi, Januari au Februari, usisubiri Julai. Unaipata ikiwa kavu, unaibadilisha udongo, inashika mizizi kabla masika hayajaanza. Udongo wangu ni changarawe ndogo, makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, makaa yaliyopondwa na samadi kidogo sana ya mbuzi iliyokaa. Mchanga wa baharini usithubutu, chumvi yake itaiunguza. Poti iwe pana na isiyo na kina, ya udongo, matundu makubwa chini. Masika yakianza isogeze chini ya upenu lakini jua ilione, manake zaidi ya nusu ya adeniamu ninazoletewa zikiwa mahututi zimekufa kwa maji, si kwa kiu. Kwa sho ya mwisho wa Agosti mie hukata matawi mapema Juni, inachukua kama miezi miwili na nusu kurudi na maua.

Ukikata vaa glavu au osha mikono vizuri, yale maziwa yake ni sumu, wawindaji wa zamani waliyapaka kwenye mishale. Mbuzi na watoto wasiifikie.

Na wiki mbili za mwisho chunguza majani kila magharibi kwa tochi. Kuna kiwavi kimoja kijani, kinene kama kidole, kina madoa mawili ya bluu karibu na kichwa kama macho yanayokutazama, viwili vyatosha kumaliza mti mzima usiku mmoja. Dawa sipigi, itaharibu maua. Navitoa kwa mkono, nageuza kila jani, halafu asubuhi napangusa tumbo kwa kitambaa chenye maji mpaka rangi yake ya kijivu itokee.